Gobore Linakula Zamu

Kwenye michezo ya kuigiza ya mezani, ile ambayo mmoja anasimulia, wengine wanabeba wahusika na dadu ndiyo inayoamua nani kapona, bunduki haina marafiki wengi. Mapanga, mazimwi, waganga na majumba ya mizimu vinakaa pamoja bila shida, lakini mtu akitaja baruti tu, meza inagawanyika. Wapo wanaosema baruti inaua ladha ya hadithi. Wapo wanaosema ikishaingia, hakuna atakayeshika upinde tena. Hoja ya pili ina uzito na nitaijibu hapa chini. Ya kwanza siikubali kabisa, na sababu zangu ni za mtu anayecheza Moshi.

Ulimwengu tunaochezea tumeujenga kutokana na miteremko ya Kilimanjaro ya karne ya 19: mangi, yaani watawala wa Wachaga, wanaopigana kutoka korongo moja hadi jingine, mifongo ya maji inayopita katikati ya migomba, mapango waliyochimba watu ili kuficha familia na mifugo wakati wa vita, wahunzi wa Mamba, chuma kinacholetwa kutoka Ugweno kule Upareni, misafara inayopanda kutoka pwani na vitambaa na shanga. Juu ya hayo tumeongeza ya kwetu: mizimu inayodai haki yake, zimwi la makorongoni, na baridi yenye akili inayoishi kwenye barafu ya kilele cha Kibo. Dunia hiyo huwezi kuijenga kwa uaminifu kisha ukaitoa bunduki. Mangi Rindi wa Old Moshi alizipata kupitia misafara ya pwani. Mangi Sina wa Kibosho naye alikuwa nazo. Mwezi Juni 1892 wapiganaji wa Mangi Meli, mwana wa Rindi, walikishinda kikosi cha Wajerumani na kiongozi wake, von Bülow, akafa kwa majeraha. Ukiiondoa bunduki kwenye historia hiyo, unabaki na mlima wa kwenye kalenda.

Kwa hiyo swali letu halikuwa kama bunduki iingie. Swali lilikuwa iingie vipi ili iwe bunduki ya wakati ule.

Msingi wa kanuni zetu ni Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974. Kanuni zake za msingi za toleo la tano ziliwekwa huru Januari 2023, kwa hiyo mtu mwenye simu ya kawaida anaweza kuzipakua na kuzibadilisha apendavyo. Ndani ya kanuni hizo za bure za 2023 hakuna bunduki. Zilizomo kwenye toleo kamili la 2014, kama nyongeza ya hiari, zinasema hivi: bunduki ndefu ya kale inadhuru kwa dadu ya pande 12 (namba inayotoka ndiyo ukubwa wa jeraha), inalenga vizuri hadi futi 40, na kwa shida hadi futi 120. Upinde mrefu unadhuru kwa dadu ya pande 8 na unalenga vizuri hadi futi 150. Raundi moja ni sekunde sita, na mwenye bunduki anaweza kufyatua kila raundi.

Soma tena namba hizo polepole. Futi 40 ni kama mita 12. Kufyatua kila sekunde sita ni kufyatua mara kumi kwa dakika. Askari wa Ulaya aliyefunzwa vizuri, mwenye gobore la kupakia kwa mdomo wa mtutu, alifikisha mara tatu kwa dakika na hapo alihesabiwa kuwa mwepesi. Kuhusu umbali, Kanali George Hanger wa Uingereza aliandika mwaka 1814 kwamba bunduki ya askari, kama haikutobolewa vibaya, inampata mtu kwa yadi 80, pengine hata 100, ila kwa yadi 200 ni sawa na kuulenga mwezi. Yadi 80 ni zaidi ya mita 70. Maana yake kanuni zile zimeipa bunduki kasi mara tatu ya ile iliyowezekana, halafu zikaikatia umbali karibu mara sita. Zimeichukulia kama upinde wenye nguvu na mkono mfupi.

Gobore lilikuwa kinyume chake. Linafika mbali kiasi cha kutosha na linaumiza sana. Lakini linachelewa, linakataa kuwaka, na linakula vitu ambavyo havioti shambani. Ninaamini, na hili ndilo ninalolitetea kwenye makala yote hii, kwamba kanuni za bunduki za kale zikianza na dadu ya madhara zimeshapotea. Zianze na muda, kisha zije kwenye hitilafu, kisha kwenye baruti. Madhara yaje mwisho.

Vizibo vinne

Bunduki ya gumegume inapakiwa hivi. Unamimina baruti mtutuni. Unatia risasi pamoja na kipande cha kitambaa au karatasi. Unashindilia kwa mdeki mpaka vikae chini kabisa. Kisha unaweka baruti kidogo kwenye kifa, kile kibakuli cha chuma kilicho ubavuni, na kuuvuta mtambo ulioshika jiwe. Ukifyatua, jiwe linagonga chuma, cheche zinaangukia kwenye kifa, na moto unapenya kwenye kitundu hadi kuifikia baruti ya ndani. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kukwama, na kila kimoja kinachukua sekunde ambazo adui anazitumia kukusogelea.

Sisi tumeugawa mpangilio huo hatua nne: baruti, risasi, mdeki, kifa. Mchezaji mwenye gobore anawekewa vizibo vinne vya soda vilivyolazwa kifudifudi. Akimaliza hatua moja anageuza kimoja. Vyote vinne vikishatazama juu, ndipo anaruhusiwa kufyatua. Mhusika wa kawaida anafanya hatua moja kwa zamu. Aliyefunzwa anafanya mbili, mradi asimame mahali pamoja. Akitembea anarudi kwenye hatua moja, akikimbia hapati kitu.

Piga hesabu uone. Aliyefunzwa anafyatua raundi ya kwanza, anapakia raundi mbili, anafyatua tena raundi ya nne. Hizo ni sekunde 18 kati ya mlio na mlio, yaani mara tatu na ushee kwa dakika. Asiyefunzwa anafyatua, anapakia raundi nne, anafyatua: mara mbili kwa dakika. Namba zimekaa mahali pake bila kulazimishwa.

Lakini hesabu ndiyo sehemu ndogo. Kilichonifurahisha ni jinsi watu walivyoanza kuongea mezani. Zamani kila mchezaji alisubiri zamu yake akiwa anachezea simu. Sasa unasikia, "Kaka, mzuie huyo kidogo, nimebakiza mdeki na kifa." Na mwenye mkuki anajibu, "Zamu moja tu dada, mbili siwezi." Ghafla mwenye ngao ana kazi ambayo hakuwa nayo. Anasimama mbele ya mtu anayepakia, na wote wawili wanajua ni kwa nini. Vizibo viko wazi, kila mtu anaviona, hata mimi ninayeendesha zimwi naviona, na zimwi lenye akili linajua kumkimbilia yule mwenye vizibo viwili.

Hapo pia ndipo linapopatikana jibu la hoja ya upinde. Mpiga mishale anapiga kila zamu, kimya, hata mvua ikinyesha, na mishale yake anaiokota. Katika mapambano ya raundi tano, mwenye gobore anafyatua mara mbili. Hakuna mchezaji wetu aliyeutupa upinde. Kitu ambacho gobore lilikuwa nacho na upinde haukuwa nacho ni wepesi wa kujifunza. Kumlea mpiga upinde hodari kulichukua miaka, kumfundisha mtu kufyatua kulichukua muda mfupi mno. Kwa hiyo kwetu mtu yeyote anaruhusiwa kulishika gobore bila adhabu ya kutojua silaha. Adhabu yake ni ile hatua moja kwa zamu tu. Mpagazi wa msafara, mpishi, mjane anayelinda kihamba chake cha migomba, wote wanaweza kufyatua mara moja na kumwangusha shujaa. Mlio huo mmoja unabadilisha namna mashujaa wanavyoingia kwenye boma la watu, na nashukuru kwa hilo, maana kabla ya hapo walikuwa wanaingia wakiwa wamevimba.

Kuna kanuni nyingine ndani ya vizibo, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Baada ya mapigano ya Gettysburg, Marekani, mwaka 1863, bunduki zaidi ya 27,000 ziliokotwa uwanjani. Karibu 24,000 zilikuwa bado zimeshindiliwa. Katika hizo, kama nusu zilikuwa na shindilio mbili, moja juu ya nyingine, na zipatazo 6,000 zilikuwa na kati ya tatu na kumi. Fikiria mtu amesimama kwenye moshi na kelele, anafyatua, hasikii kwamba bunduki yake haikulia kwa sababu zote za pembeni zimelia, anapakia tena. Na tena.

Basi kanuni yetu inasema: ukigeuza kizibo wakati adui yuko ndani ya urefu wa mkuki, au wakati umejeruhiwa raundi ileile, mwongozaji, yule anayesimulia, anatupa dadu ya pande 20 kwa siri. Ikitoka chini ya 8, hatua hiyo imeharibika, na mchezaji haambiwi. Baruti imemwagika chini, au risasi imeingia kabla ya baruti, au mdeki umesahauliwa ndani ya mtutu. Kizibo kinageuka kama kawaida. Ukweli unajulikana siku ya kufyatua. Mwanzoni wachezaji walinung'unika kwamba ninawaficha mambo ya silaha zao wenyewe. Nikawasomea habari za Gettysburg, na tangu siku hiyo wanaikubali kanuni hii kuliko hata mimi. Wengine wameanza kuangalia mtutu kwa mdeki kabla ya kufyatua, jambo linalogharimu zamu nzima, na wanalilipa bila kulalamika.

Tatu kwa ishirini

Kwenye hitilafu tulibahatika, kwa sababu kuna jaribio la kweli la kuegemea. Mwaka 1834 huko Woolwich, Uingereza, jeshi lilizilinganisha bunduki za gumegume na zile mpya za fataki, yaani zinazowashwa na kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Kila aina ilifyatuliwa mara 6,000 katika hali tofauti za hewa. Gumegume ilikataa mara 922. Fataki ilikataa mara 36.

Mgawanyo wa 922 kwa 6,000 ni asilimia 15 na kidogo. Kwenye dadu ya pande 20, matokeo matatu ni asilimia 15 kamili. Kwa hiyo gumegume inakataa ukitupa 1, 2 au 3. Ni dadu ileile unayotumia kulenga, hakuna dadu ya ziada. Kwa fataki, 36 kwa 6,000 ni mara moja katika 166 hivi. Ukitupa 1, tupa dadu ya pande 8, na ikitoka 1 tena, imekataa. Hiyo ni mara moja katika 160. Nilipoona namba hizo zinaingia kwenye dadu zetu kwa usahihi huo, nilisimama nikazunguka chumba.

Kutoka gumegume kwenda fataki, mchezaji anahisi mabadiliko kwenye vidole. Hesabu ya madhara haikuguswa, masafa hayakuguswa, lakini silaha ni nyingine. Kasisi Alexander Forsyth wa Scotland, aliyepata hakimiliki ya uwashaji wa aina hiyo mwaka 1807, alikuwa mwindaji wa ndege. Alichoshwa na ndege walioshtuliwa na mwako wa kifa wakaruka kabla risasi haijatoka. Fataki iliondoa ule mwako na kule kusubiri.

Kabla ya gumegume zilikuwapo bunduki za utambi, zinazowashwa kwa kamba inayofuka polepole. Kwetu hizo ni za mizimu. Wachaga wanasimulia kwamba Mawenzi alikuwa akimwendea Kibo kuomba moto mara kwa mara, hadi Kibo akachoka akampiga, na ndiyo maana kilele cha Mawenzi kimechongoka hivyo. Katika hadithi yetu walinzi wa Mawenzi wana bunduki za utambi na hawana moto wa kwao. Yeyote anayetaka kupita pale anaanza kwa kuuliza kaa la moto liko wapi usiku huo.

Mvua. Mtu aliyeishi Moshi masika moja hahitaji kuelezwa baruti inafanywaje na unyevu. Kwenye manyunyu gumegume inakataa kuanzia 1 hadi 6. Kwenye mvua kamili inakataa 1 hadi 14, na kifa kikishalowa lazima urudie hatua ya nne. Fataki inakataa 1 hadi 2 kwenye mvua kamili. Namba hizo za mvua ni zetu, tumezipanga kwa kuangalia mchezo unavyokwenda, hazikutoka Woolwich. Zimefanya ukungu wa msituni, ule unaoshuka alasiri kutoka juu ya Kibosho na Old Moshi, uwe silaha ya kila mtu asiye na bunduki. Wachezaji wetu sasa wanauliza hali ya hewa kabla ya kuuliza idadi ya maadui.

Masizi nayo yamo. Kila baada ya kufyatua mara kumi, kupakia kunaongezeka hatua moja mpaka mtutu uoshwe. Moshi: bunduki nne au zaidi zikilia pamoja, hakuna anayeona kupita mita chache hadi raundi inayofuata, isipokuwa upepo upo. Mlio unasikika korongo la pili na la tatu. Hayo hayahitaji maelezo marefu.

Madhara, kwa kuwa mtaniuliza: dadu mbili za pande 6, na kila inayotoka 6 inatupwa tena na kujumlishwa. Wastani wake unazidi kwa karibu pointi mbili ule wa dadu ya pande 12, na mara chache jeraha linakuwa baya sana. Masafa ni mita 50 kwa kulenga vizuri na 100 kwa shida. Ndani ya mita 50, ngao ya ngozi ya nyati haihesabiwi kwenye kinga. Bunduki halisi za karne ya 16 hadi ya 18 zilizofyatuliwa kwa majaribio kwenye ghala la kale la silaha la Graz, Austria, mwishoni mwa miaka ya 1980 zilitoa risasi kwa kasi ya zaidi ya mita 400 kwa sekunde, na risasi ya mviringo hupoteza kasi hiyo haraka njiani. Ndiyo maana ngao inarudi kuwa na maana kadiri unavyokuwa mbali.

Baruti inatoka wapi

Hapa ndipo mchezo wetu ulipokuwa mkubwa kuliko tulivyoupanga.

Bunduki zilizofika mlimani hazikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya mlima. Majeshi ya Ulaya yalipohamia kwenye bunduki za kupakia nyuma, kuanzia miaka ya 1860, mamia ya maelfu ya bunduki za zamani zilikosa kazi, zikauzwa. Nyingi zilipitia Unguja. Mwaka 1888 Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza huko Unguja, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kwa njia hiyo. Kisha ukaja Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890. Ulizuia bunduki za kisasa, zenye mtutu wa mifereji na za kupakia nyuma, zisiuzwe kwa Waafrika katika eneo kubwa la bara. Zilizoachiwa nafasi, tena chini ya masharti, ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji na baruti ya kawaida ya biashara.

Mchezaji anayelalamika kwamba mhusika wake amekwama na gumegume wakati adui ana bunduki inayopakiwa kwa kuvuta komeo, analalamikia jambo la kweli. Sikuliweka mimi kwa ajili ya mizani ya mchezo. Watu walikaa Brussels wakaliandika. Kwa hiyo kwenye kanuni zetu ngazi za bunduki hazifunguliwi kwa pointi za uzoefu. Hazifunguliwi kwa dhahabu pia, maana hakuna muuzaji. Zinafunguliwa kwa kuteka, kwa kuiba, kwa mfanyabiashara anayevunja sheria, au kwa mkataba na wageni wenye masharti ambayo mangi atakuja kuyajutia. Vipindi vyetu vizuri kabisa vimetoka kwenye sentensi hiyo.

Na baruti? Baruti ni shura (chumvi inayokoleza moto), makaa na salfa, shura ikiwa karibu robo tatu. Ya kwetu ya kihistoria ilinunuliwa, ilipanda na msafara ikiwa kwenye mapipa madogo. Lakini huu ni mchezo wa ndoto, na mhunzi wetu wa kubuni kutoka Mamba akauliza swali ambalo sikuweza kulikwepa: je, vyote vitatu haviwezi kupatikana hapahapa? Makaa yapo. Shura hutokea kwenye udongo wa mazizi ya zamani, na Wachaga wamefuga ng'ombe ndani ya nyumba vizazi kwa vizazi. Imebaki salfa. Na salfa ipo, juu kabisa, kwenye kreta ya Reusch ndani ya Kibo, ambako mvuke bado unatoka ardhini na mawe yamepakwa manjano.

Unaona kilichotokea. Mangi anayetaka kujitoa kwenye mkono wa misafara lazima atume watu kileleni, kupita msitu, kupita nyika ya baridi, kuingia kwenye nyumba ya ile baridi yenye akili tuliyoiweka pale mwanzoni kwa ajili ya kutisha tu. Kampeni nzima, yaani mfululizo wote wa vipindi vya hadithi yetu, ikageuka. Makundi mawili ya wahusika yakaanza kushindana, moja likilinda njia ya pwani, jingine likipanda na magunia ya ngozi. Sikulipanga hilo. Lilitokana na kuuliza kitu kinatoka wapi, na nawasihi waongozaji wenzangu walichukue swali hilo kwa uzito kuliko dadu yoyote.

Kwa hesabu za kawaida, mhusika anahesabu shindilio, siyo risasi. Pembe moja ya baruti ni shindilio 20. Ikilowa, nusu imeharibika. Risasi unaweza kuzisubu upya motoni, hata kokoto zilitumika, lakini baruti ikiisha, gobore ni rungu.

Dawa

Lilikuwapo swali tuliloliogopa kwa muda. Mchezo wa ndoto una uganga unaofanya kazi. Je, dawa ya kuzuia risasi ifanye kazi?

Nchi hii ina makaburi yanayohusu swali hilo. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji na ahadi kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji, na makabila ya kusini yaliyokuwa hayajawahi kupigana pamoja yakasimama pamoja. Walikufa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa iliyofuata. Sikutaka jambo hilo liwe mstari kwenye orodha ya uganga wenye gharama ya pointi mbili. Tukakubaliana mezani: jina hilo na tukio hilo havitumiki kwenye mchezo wetu, na hakuna dawa inayomfanya mtu asipenyeke.

Lakini uganga wa vita ulikuwapo mahali pengi, na kuufuta wote kungekuwa kuwanyang'anya wahusika imani yao. Kanuni tuliyoipata inapita kwenye hitilafu. Dawa hailindi mwili. Inagusa moto wa adui. Mganga akiifanya kazi yake vizuri kabla ya mapambano, gumegume za upande wa pili zinakataa kuanzia 1 hadi 5 badala ya 1 hadi 3, na fataki zinakataa kwenye 1 bila dadu ya pili. Bunduki za kupakia nyuma zinatii kidogo tu: anayefyatua akitupa 1, anapoteza zamu. Kwa hiyo mwenye dawa anaweza kuwa sahihi kwa miaka mingi, vita baada ya vita, mpaka siku silaha ya upande wa pili inapobadilika. Mchezaji wetu anayembeba mganga alipoielewa kanuni hiyo alinyamaza kidogo, akaandika kitu kwenye karatasi ya mhusika wake, na tangu hapo mganga huyo anawauliza wasafiri wote bunduki za wageni zinapakiwaje.

Mikuki

Mtu akisoma mpaka hapa anaweza kudhani kwamba upande wenye bunduki za kupakia nyuma hauwezi kushindwa. Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo karibu na Iringa, wapiganaji wa Wahehe waliojificha kandokando ya njia waliuvamia msafara wa jeshi la Wajerumani ukiwa umejinyoosha kwenye mstari mrefu. Zelewski, kamanda wake, aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi. Wahehe walikuwa na mikuki kwa wingi. Waliteka bunduki zipatazo 300 na mizinga.

Nimeipima kanuni yetu kwa tukio hilo. Nilipanga mezani msafara wenye bunduki za kupakia nyuma, hatua moja tu ya kupakia, na wavamizi wenye mikuki umbali wa mita 30. Mhusika anakimbia mita 18 kwa raundi akitumia zamu yake yote. Raundi ya kwanza ni ya kushtukiza, wenye bunduki hawafanyi kitu. Raundi ya pili mikuki imefika. Wanaofyatua wanafyatua mara moja, kwa shida, na kuanzia hapo kila kizibo kinageuzwa mkuki ukiwa usoni, dadu ya siri ikitembea. Msafara ulivunjika. Kama usingevunjika, ningezirudia kanuni zote kuanzia mwanzo.

Kisha ikaja kazi ya bunduki zilizotekwa. Wahehe walipata bunduki nyingi Lugalo, na bado Oktoba 1894 ngome ya Mkwawa huko Kalenga iliangushwa. Bunduki ya kupakia nyuma inatumia ganda la shaba lenye fataki kitakoni, na ganda hilo halisubiwi motoni kama risasi ya gobore. Kanuni yetu ni fupi: ukiiteka, unapata risasi zilizo kwenye mkoba wa aliyekuwa nayo, dadu mbili za pande 10, basi. Hakuna soko, hakuna fundi.

Mhunzi wa Mamba ameomba ajaribu kuyajaza upya maganda yaliyotumika. Nimemwambia baruti anayo sasa, ya salfa ya Kibo, na shaba ataipata. Atakosa fataki. Fataki zinapanda na msafara kutoka Pangani, na msafara huo ni uleule ambao kundi lake liliuchoma moto kule Kahe ili mangi asimtegemee mtu wa pwani. Kipindi kijacho watakaa na mzee wa msafara kuzungumza fidia.